Samaki Mmoja, Nyumba Moja

Jumatatu, 6 Novemba

Daftari jipya. Shemeji Dagoberto analo lake, anaandika kila akienda kuvua: upepo, maji, mwezi, samaki. Wavuvi wa ghuba hii wote wanaandika. Basi na mimi.

Upepo: upo. Maji: yapo. Samaki: bado.

Nimestaafu Ijumaa. Miaka arobaini na moja ya zege. Wamenipa keki na kofia. Kofia inabana.

Jana Maricela kapiga simu toka San Antonio. Binti yangu, ninaye huyo mmoja, nesi. Anataka nihamie kwake. Ghorofa ya tatu, chumba cha nyuma, mimi na cherehani. Anasema tangu mama yake afariki nakaa gizani, pazia zimefungwa, nakula maharage kwenye kopo nimesimama. Nani kamwambia? Dagoberto. Yeye ni kaka wa marehemu mke wangu, nyumba zetu zimepakana, na mdomo wake hauna uzio.

Nikamwambia Maricela sina nafasi ya kuhama. Mimi ni mvuvi sasa. Nina kayaki.

Sikuwa na kayaki.

Halafu akasema sawa, Baba. Sikukuu ya Shukrani anakuja na mumewe. Niweke mezani samaki niliyemvua mwenyewe. Samaki akiwepo, habari ya kuhama hataitaja tena. Asipokuwepo, nafunga mizigo siku hiyo hiyo. Nikasema sawa. Nikasema hata kumi.

Nyumba hii jamvi lake la zege nilimwaga mwenyewe, mwezi wa saba, jua la kuua, mke wangu Herminia ananimwagia maji kichwani. Mpaka leo halina ufa. Siendi ghorofa ya tatu.

Leo asubuhi nimebadilishana mashine yangu ya zege na kayaki ya mtu wa barabara ya juu. Kimtumbwi cha plastiki, rangi ya chungwa, futi kumi na mbili. Na kasia, na fimbo ya kuvulia. Yeye anafikiri kanipiga. Mashine ile ina kutu tumboni. Nimempiga mimi.

Dagoberto kachungulia juu ya uzio. Kauliza nani kafa, maana ameona jeneza. Kayaki yake inaendeshwa kwa pedeli kama baiskeli, na ina kioo kinachoonyesha samaki chini ya maji. Nikamwambia mimi samaki nawaona kwa macho. Akasema vizuri, shemeji, maana duka la samaki lina taa nzuri.

Siku kumi na saba. Tele.

Jumanne, 7 Novemba

Samaki: hakuna. Mvuvi: majini.

Nimepakia kama gari la kazini. Sanduku la barafu. Kiti. Sanduku la zana. Redio. Nanga nilitengeneza mwenyewe jana jioni, ndoo ndogo ya zege na kitanzi cha nondo katikati. Hakuna nanga kama ile ghuba nzima. Nimeifunga ubavuni, karibu na mkono, ili niifikie.

Hatua mia toka ufukweni nikaitupa. Ikashika. Zege langu linashika. Mkondo ukavuta kayaki, ubavu ukainama, maji yakaingia, mimi nikatoka. Nimemwagwa kama toroli.

Maji ya magoti. Hilo sikulijua mpaka nimeshaita msaada.

Akapita mwanamke kwenye kayaki ya kijani iliyopauka. Mtu mzima, kofia ya ukili, shati la mikono mirefu. Anapiga kasia na maji hayatoi sauti. Sijawahi kuona. Nimefanya kazi na mafundi wa kulainisha zege maisha yangu yote, wawili tu walikuwa na mkono kama ule, na mmoja alikuwa mlevi. Akasimama pale pale bila kugusa kitu. Akaniambia nanga inafungwa puani au mkiani, haifungwi mbavuni. Nikamwambia naoga.

Akauliza, "Na redio?"

Nilikuwa nimeishika juu ya kichwa.

Dagoberto kaniambia baadaye kuwa huyo ni Bi Ofelia Treviño. Kapika shuleni miaka thelathini na moja. Ana sabini na mbili. Mumewe alikufa zamani. Hakuna anayemfikia kwa kuvua hapa, hata vijana wenye mashua za injini. Na Dagoberto hasifii mtu. Kwenye harusi yangu alisifia viti.

Nimeona alichorudi nacho. Samaki wekundu watatu kwenye kamba, rangi ya shaba, kila mmoja na doa lake jeusi mkiani. Warefu kama mkono wangu mpaka begani. Hakuwaonyesha mtu. Kawapakia kwenye pikapu kama mtu anapakia kuni.

Alhamisi, 9 Novemba

Upepo kusini mashariki. Samaki hakuna. Lakini nimekula.

Mpango: kumfuata Bi Ofelia. Hapa kwetu hilo halifanywi. Mtu atakupa funguo za gari, atakupa figo. Mahali pake pa kuvua hakupi, na kumfuata ni kama kumchungulia bafuni. Najua. Lakini wao hawapelekwi ghorofa ya tatu.

Nimetoka alfajiri. Nikajificha kwenye majani marefu pale wanaposhushia kayaki. Kayaki ya chungwa, majani ya kijani. Nikaifunika majani. Nikajifunika na mimi.

Akapita. Nikahesabu mpaka mia. Nikafuata.

Kaenda kaskazini. Nikaenda kaskazini. Kazunguka kisiwa cha ndege. Nikazunguka. Karudi kusini. Kazunguka tena kisiwa kile kile, ndege wale wale wakaniangalia. Masaa matatu. Mabega yamewaka. Nimesukuma zege kwa toroli mwaka mzima sijaumia hivi. Yeye hata jasho hana.

Halafu akasimama katikati ya maji matupu, akafungua mfuko wake, akanigeukia.

"Bwana Cantú, njoo ule. Umefanya kazi tangu asubuhi."

Jina langu alilijua. Tortila, zile chapati nyembamba, za mayai na viazi, bado zina moto. Pilipili imekaa sawa. Sijala kitu cha hivyo tangu Herminia. Nilitaka kukasirika lakini mdomo ulikuwa umejaa.

Nikamuuliza alijua lini kuwa namfuata. Akasema tangu kwenye majani, majani ya hapa huwa hayakohoi. Akasema mahali pa kuvua hapafundishwi. Mtu anapatafuta kwa matako yake mwenyewe, akae mpaka yafe ganzi, halafu akae tena. Kila aliyeko kwenye ghuba hii kakaa. Nikamwambia mimi muda huo sina, nina siku kumi na nne. Nikamweleza yote, Maricela, ghorofa, cherehani. Sijui kwa nini. Labda ni mayai.

Akasikiliza. Hakunionea huruma, nilishukuru. Akachukua fimbo yangu, akakata fundo langu kwa meno, akafunga lingine. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, lakini fundo limekaa kama limezaliwa pale. Akasema kwa lile la kwanza ningevua kiatu, tena cha mtoto.

Nikainama kukung'uta makombo. Nilipoinua kichwa hayupo. Bahari tupu, na mimi sijaangalia kaenda upande gani.

Mwanamke wa ajabu. Nimemchukia mpaka kama saa tisa hivi.

Jumamosi, 11 Novemba

Leo sikwenda majini. Leo nimetumia akili.

Kwa nini nimfuate mtu wakati jirani yangu ana daftari?

Jumamosi Dagoberto anachoma nyama uani. Nikaenda kuazima chumvi. Akasema iko jikoni. Na daftari liko jikoni, juu ya friji. Miaka tisa ya uvuvi humo ndani. Mwandiko safi, mistari imenyooka kama imepigwa pima maji, kila siku kachora mwezi wake kwenye kona. Sikujua shemeji ana mkono ule. Nilifikiri mwandiko ulikuwa wa Herminia tu. Kumbe ni wa ukoo.

Nikapekua mpaka Novemba ya mwaka juzi. Nikalipata. Kaandika hivi: upepo wa kaskazini ukipiga mara ya kwanza, maji yanashuka na samaki wote wanajaa kwenye mfereji nyuma ya nguzo ya tatu. Siku hiyo hata mjinga anavua.

Ukurasa ukaisha. Nikasikia miguu yake. Nikarudisha daftari, nikatoka na chumvi.

Akauliza chumvi ni ya nini. Nikasema ya samaki. Akacheka mpaka koleo la nyama likaanguka kwenye moto.

Acheke. Redio yake inasema kaskazini inaingia Jumanne. Yangu bado inakauka.

Jumatano, 15 Novemba

Habari ya jana naandika leo. Jana mkono haukushika kalamu.

Asubuhi joto, watu na fulana. Saa nne wingu la bluu likasimama kaskazini kama ukuta. Watu wote wanatoka majini, mimi naingia. Nimepishana na wanaume watatu wanakokota kayaki zao. Mmoja kauliza naenda wapi. Nikamwambia kazini.

Nguzo ya tatu, zile za kuonyesha mashua njia. Mfereji upo, upana wa barabara. Nikatia nanga ukingoni, kwenye maji mafupi, nisije nikamwagwa tena. Upepo ukapiga. Baridi kama mtu kafungua friji la bucha mgongoni mwako. Na daftari halikusema uongo. Maji yakaanza kushuka toka kwenye majani kwenda mferejini, na samaki wakashuka nayo, migongo yao naiona. Sijawahi kuona samaki wengi namna ile wakiwa hawako dukani. Nikatupa ndoana. Ikashikwa.

Hakuvuta kama samaki. Alikaa chini kama mfuko wa saruji unaokataa kuinuliwa. Yeye akakataa, mimi nikakataa. Mwisho akaja juu. Gayogayo! Samaki bapa, mpana kama sinia, kahawia na madoa, macho yote mawili upande mmoja, ananitazama kama nimemwamsha usingizini. Nimempima kwa futi yangu ya kazini. Inchi ishirini na mbili.

Nikapiga kelele. Nikamwita Herminia aje aone. Kwa sauti. Basi, nimeandika.

Nikajaza maji kwenye sanduku la barafu, nikamweka humo, afike nyumbani mzima.

Ndipo nikasikia kimya. Kayaki haitikisiki. Nikaangalia chini. Tope. Nikaangalia kushoto, tope. Maji ya mfereji yako hatua ishirini na yanazidi kwenda.

Nimezaliwa hapa. Miaka sitini na sita. Kila mtoto wa hapa anajua kaskazini inasukuma maji yote nje ya ghuba. Nilijua na mimi. Nilijua nikiwa nchi kavu.

Nikamwona Bi Ofelia anakuja na mfereji, upepo unamkata, yeye kaketi wima. Wale wanaume walimwambia kuna mzee wa kayaki ya chungwa kaenda kazini. Akafika usawa wangu, akaniambia nifungue sanduku. Nikafungua kwa majivuno. Akatazama.

"Huyo kafungwa, Bwana Cantú."

Gayogayo havuliwi. Tangu siku ya kwanza ya Novemba mpaka katikati ya Desemba haruhusiwi mtu kuondoka na hata mmoja, ndio wakati wanashuka baharini kuzaa. Hilo nalo nilijua nikiwa nchi kavu.

Nikamwambia hapa hakuna mtu. Akauliza yeye ni nini basi. Nikamwambia nyumba yangu. Akasema anajua. Nikamwambia jamvi nilimwaga mwenyewe. Akasema hilo hajui lakini anaamini.

"Ana mayai tumboni. Kasafiri mpaka hapa, umemkalia mlangoni. Mrudishe."

Nikangoja ageuke. Hakugeuka. Nimeona nguzo zina haraka kuliko yule mwanamke.

Nikashuka. Hatua ya kwanza, goti. Hatua ya pili, paja. Basi nikafanya kama kwenye zege bichi. Nikalala kifudifudi, nikatambaa, nasukuma sanduku mbele yangu. Chaza wamenichana mikono. Hatua ishirini zimekuwa nusu saa. Nikamtoa, nikamweka majini. Akakaa kwenye kiganja changu kidogo, anapumua. Halafu kiganja kikawa kitupu. Sikumwona akienda.

Nimeona vingi vikiondoka. Kizuri hivyo, kimoja tu kabla yake.

Kayaki nayo nikaivuta kwa tumbo vile vile. Bi Ofelia kashika ncha ya kamba, kanipa kahawa ya chupa yake, kaniambia natambaa kifundi. Nikamwambia ni zege. Akasema inaonekana.

Leo niko kitandani. Dagoberto kaja na mchuzi wa mifupa ya ng'ombe, una mahindi na kabichi. Akakaa. Akasema, "Shemeji, hukugeuza ukurasa."

Nikauliza ukurasa gani. Akanionyesha daftari. Alama za vidole vyangu, za saruji. Miaka arobaini na moja haitoki kwa sabuni. Akageuza ukurasa, akanisomea polepole, mara mbili: "Lakini toka mapema, maji yote yanaondoka."

Nikafikiri ataendelea kunicheka. Hakucheka. Akafungua kurasa za mwaka huu, akanipa nisome. Upepo, maji, mwezi umechorwa vizuri. Kwenye samaki hakuna kitu. Ukurasa baada ya ukurasa. Akasema tangu dada yake afariki hajatupa ndoana. Anakwenda, anakanyaga pedeli, anatazama samaki wanavyopita kwenye kioo, anarudi, anaandika upepo.

Mwaka na nusu. Na mimi nilikuwa namhusudu kile kioo. Mtu hana anachovua na bado kila siku kachora mwezi. Mimi nisingeweza.

Nikamwambia mchuzi una chumvi nyingi. Akasema ndiyo ile niliyoazima, nikamrudishia bila kuitumia.

Jumapili, 19 Novemba

Siku nne zimebaki. Nimetumia tatu kukohoa.

Mpango huu ni halali usipouangalia sana. Samaki niliyemvua mwenyewe, Maricela alisema. Sawa. Nikimtia ndoana mdomoni, nikamshusha majini, nikamtoa, nimemvua au sijamvua? Nimemvua. Alikotoka kabla ya hapo ni habari zake.

Nimekwenda duka la mji wa pili, wasinijue. Nimevaa miwani ya jua. Muuzaji kaniita kwa jina langu, karibu, Eusebio. Kumbe mimi ndiye niliyemwaga njia ya kushushia magari nyuma ya duka lake. Nikachagua mwekundu mmoja mzuri kuliko wote, mwekundu kweli kweli, kama tofali jipya.

Saa tatu niko majini. Ndoana mdomoni, chini, juu. Mara tatu, iwe kweli zaidi. Nikasimamisha simu kwenye kiti nipige picha, samaki mkononi, kifua mbele. Nyuma yangu kwenye picha kuna kayaki ya kijani. Sikumsikia akija. Nani amewahi kumsikia.

Akamwangalia samaki. Akasema huyo si mwekundu wetu. Wekundu wetu ni rangi ya shaba na wana doa. Huyo anaishi nje, maili sitini, kwenye maji ya giza. Akauliza kama nimepiga kasia mpaka huko na kurudi kabla ya misa. Akanipa hongera.

Kisha akasogea karibu.

"Na umemvua akiwa ameshatolewa matumbo."

Nikamwambia ni samaki msafi. Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Anacheka kama masufuria yanaanguka ngazini, ndege wote wakaruka kisiwani. Inapendeza. Nilikuwa nimeshika ushahidi mkononi na bado nikaona inapendeza.

Alipomaliza akaniambia ukweli. Maricela yeye ndiye aliyempakulia chakula shuleni miaka sita. Mtoto yule alikuwa anakijua kilichomo kwenye sahani kabla ya kukaa. Hajawahi kudanganyika hata kwa kabichi. Samaki huyu atamjua toka mlangoni, na hapo sitapoteza nyumba tu.

Nikamuuliza nifanye nini basi. Akanitazama kama mtu aliyeshanijibu. Akaenda zake.

Jioni tumeula ushahidi, mimi na Dagoberto. Mtamu sana.

Jumatano, 22 Novemba

Kesho.

Leo sina mpango. Nimetafuta, sikupata. Nimekwenda mahali nilipomwagwa siku ile, kwa sababu pale angalau nakijua kina. Nanga mkiani. Chambo majini. Nikakaa.

Asubuhi upepo hafifu. Maji kama jamvi lililolainishwa na fundi mzuri. Samaki wadogo wanaruka mbali. Mwari mmoja, yule ndege wa mfuko mdomoni, kajitupa majini kama mtu kaangusha kabati. Nikaangalia tu. Nikakaa. Matako yakafa ganzi. Nikakaa tena.

Kama saa tano Dagoberto kaja na pedeli zake. Kasimama mbali kidogo. Baadaye nikasikia mlio wa mshipi unatoka. Katupa ndoana. Nikaangalia pembeni, nisimwone akiniona. Kioo chake alikuwa amekifunika kwa kofia.

Masaa saba sijapanga lolote. Sikumbuki mara ya mwisho lini.

Saa nane fimbo ikapinda. Nikavuta. Anavuta naye, kwa nguvu, kwa chuki. Nikamwona tumbo jeupe. Nikaona ndevu.

Hongwe.

Hapa hongwe haliwi. Ana ute, ana miiba ya sumu, akitolewa majini anakoroma kama chura. Watu wanakata mshipi kuliko kumgusa. Paka wa pale ufukweni wanarukia kila kitu, hongwe wanampisha. Urefu wa futi moja, na sura ya kudai.

Nikamwangalia Dagoberto. Dagoberto akamwangalia hongwe.

"Ni samaki," akasema.

"Ni samaki."

Hakufungwa na sheria. Hajatolewa matumbo. Hakuna mwingine. Nikamtoa ndoana, mwiba ukaingia kidole gumba. Kidole sasa kama limau. Sumu yake ni ya kweli, hilo nitamsifia.

Kwa Bi Ofelia nimepita kumuuliza hongwe anapikwaje. Kafikiri kidogo. Miaka thelathini na moja jikoni, na kasema hajui, lakini niweke unga mwingi wa mahindi na niwashe feni.

Alhamisi, 23 Novemba, Sikukuu ya Shukrani

Wamefika saa sita. Maricela na mumewe Leandro, mtu wa mjini, mpole, viatu vyeupe. Kaleta bata mzinga. Dagoberto kaleta viazi. Bi Ofelia kaja na tamali, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda, sufuria nzima. Dagoberto anasema nimemwalika mimi, mimi nasema kamwalika yeye.

Katikati ya meza, sinia kubwa la Herminia. Juu yake, hongwe. Amekaangwa. Kwenye sinia lile alionekana kama kidonge.

Leandro kauliza ni samaki gani. Maricela kamtazama yule samaki. Kakulia hapa. Katupa hongwe elfu moja akiwa mtoto. Nikaona amejua, na nikaona anafikiri.

"Baba. Huyu umemvua mwenyewe?"

Nikaweka kidole gumba mezani.

Akakishika. Akakigeuza, akakibonyeza kinesi, akakitazama kwa muda mrefu kuliko kidole kinavyohitaji. Dagoberto akasema kwa sauti ndogo kuwa yeye alikuwepo. Masaa saba, akasema. Alikaa masaa saba, mwanangu, nimemwona.

Maricela akachukua uma. Akakata kipande. Kikubwa. Akatia mdomoni. Akatafuna. Akatafuna. Bi Ofelia akaanza kukagua dari. Maricela akafunga macho, akameza, akanywa maji glasi nzima. Yule mtoto ni mama yake mtupu. Herminia naye neno lake alilitimiza hivyo hivyo, likiwa chungu au tamu.

"Nyumba ni yako, Baba. Sitaitaja tena."

Saa nane mchana. Nimeandika saa, maana ni saa ya kuandikwa. Mtoto wangu kanishika mkono wenye kidole kizima, hajauachia mpaka keki ya maboga imekuja.

Hapo ningenyamaza.

Leandro, kwa heshima tu, akasema baba yake naye anavua, kule Corpus Christi. Siku nzuri anapata wekundu watatu kabla ya chai. Alikuwa anajaza mazungumzo, maskini. Mimi nikameza keki. Nikasema watatu ni mchezo wa watoto. Nikamwambia Krismasi amlete baba yake. Alete na ndugu zake. Alete ukoo. Nitawalisha wote wekundu wa ghuba hii, wa mkono wangu. Na mmoja wao tu akikosa samaki, nafunga mizigo mwenyewe na kupanda ghorofa ya tatu bila kusukumwa.

Hakuna aliyeniomba. Saa nane na nusu.

Dagoberto akaweka uma chini. Bi Ofelia akamuuliza Leandro, polepole, ukoo wao wako wangapi. Akahesabu kwa vidole, akarudia. Ishirini na tatu pamoja na watoto. Maricela akainuka, akachukua kalamu, akaandika kwenye kalenda ya ukutani. Kwa wino.

Wameshalala. Nimepiga hesabu na wala si ngumu. Sheria inaruhusu wekundu watatu kwa siku. Mpaka Krismasi ni siku thelathini na mbili. Ni samaki tisini na sita. Kila mtu wanne, na wanne wanabaki.

Kesho asubuhi natafuta friji kubwa.